Kikombe cha misa kwenye karatasi: uchambuzi wa chapa moja ya rangi iliyokatwa kingo

Kinachochambuliwa hapa ni karatasi moja, upana sentimita 28, urefu sentimita 38, iliyochapwa kwa rangi na kutiwa dhahabu. Inaonyesha vyombo vya altare vilivyopambwa sana: katikati kikombe cha misa cha fedha iliyopakwa dhahabu, chenye enameli na vito, na pembeni vyombo vingine vya ibada vya mtindo huohuo. Ilinunuliwa mtandaoni kutoka Ulaya ikiwa tayari ndani ya fremu, ikatundikwa sebuleni Mombasa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua za kusi. Baada ya masika mawili dhahabu ilianza kugeuka kijani, vidoa vya kahawia vikajitokeza, na kipande cha karatasi kikaonekana kimeshikamana na kioo. Mwenyewe alitaka kujua ana nini mkononi na kama kinaokoleka.

Tangazo la muuzaji lilikuwa na madai manne. Kwamba picha ni ya kale. Kwamba ilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa. Kwamba rangi zilipakwa kwa mkono. Na kwamba dhahabu yake ni dhahabu. La kwanza ni kweli. Matatu yaliyobaki si kweli, na yote yanaweza kukanushwa kwa tochi na lenzi ya kukuza mara 10, vifaa ambavyo fundi saa yeyote anavyo mezani.

Wino unasema nini

Tochi kwanza. Karatasi inalazwa mezani na mwanga unapigwa kutoka ubavuni, karibu sambamba na meza, ili kila mwinuko na mfinyo utoe kivuli. Bamba la shaba hupitishwa mashineni kwa shinikizo kubwa, na kingo zake huacha mfinyo wa mstatili unaoweza kuusikia kwa kidole. Hapa mfinyo haupo. Kutokuwepo kwake peke yake hakutoshi, maana aliyekata kingo angeweza kuuondoa pamoja na pambizo. Lakini ukingo wa kushoto haukukatwa, una pambizo ya sentimita nne, na hauna alama yoyote ya bamba.

Kisha lenzi. Chapa ya kisasa ya ofseti huonyesha rangi nne tu zilizopangwa kwa vitone vyenye safu na mpangilio, vikikutana kama vijiua vidogo. Printa ya wino hutoa vumbi la vitone vya ukubwa uleule. Kwenye karatasi hii vitone ni vya kila umbo, vingine vya mviringo, vingine virefu kama punje ya mchele, vimejaa kwenye kivuli na kupungua kuelekea mwangani, na kila rangi ina vitone vyake: waridi, nyekundu nzito, buluu mbili, njano, kijivu, kahawia. Hakuna njia ya kupata buluu mbili zilizochanganywa kabla ya kuchapwa kwenye kazi ya rangi nne. Hilo linafunga mjadala kuhusu nakala ya kisasa.

Dai la rangi za mkono linaangushwa na jambo dogo zaidi. Ukingoni mwa kito chekundu kwenye fundo la kikombe, ule uvimbe wa kwenye shina lake, kuna ufito wa karatasi tupu, chini ya nusu milimita, ambapo nyekundu haikufika kwenye mstari wa kahawia. Upande wa pili wa kito hichohicho nyekundu imevuka mstari kwa kiasi kilekile. Vito vyote vyekundu kwenye karatasi nzima viko hivyo, vimesogea kushoto kidogo. Mpaka rangi kwa brashi hukosea huku mara moja na kule mara nyingine. Kosa linaloelekea upande mmoja kila mahali ni la jiwe lililochapwa bila kukaa sawasawa juu ya yaliyotangulia.

Kwa hiyo ni kromolitografia, yaani litografia ya rangi nyingi. Litografia yenyewe ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, na Godefroy Engelmann alipata hataza ya njia yake ya rangi nchini Ufaransa mwaka 1837. Msingi wake ni kwamba mafuta na maji havipatani. Mchoraji huchora kwa kalamu au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa laini, mengi yakitoka Solnhofen, hukohuko Bavaria. Jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, kisha hulowanishwa: pasipochorwa hunyonya maji na kukataa wino wa mafuta, palipochorwa huupokea. Kila rangi ina jiwe lake. Mchoro mkuu wa mistari huhamishiwa kwenye mawe yote kwa unga mwekundu usiochapika, ili mchoraji ajue kila kito kiko wapi, naye hutia vitone vya rangi hiyo tu. Karatasi ileile inapita mashineni mara moja kwa kila jiwe, na kila mara lazima itue palepale. Ikiwa hewa imebadilika kati ya rangi ya kwanza na ya sita, karatasi imetanuka au kusinyaa, na ufito mweupe kama ule wa kito chekundu unatokea.

Dhahabu haikuwa wino hata kidogo. Jiwe lilichapa vanishi yenye kunata mahali dhahabu inapotakiwa, kisha mfanyakazi akapitisha pamba yenye unga laini wa shaba njano, ambayo ni aloi ya shaba na zinki, na unga ukashika penye kunata tu. Mara nyingi dhahabu ilitangulia rangi nyingine, kwa sababu unga ungenasa pia kwenye wino wowote ambao haujakauka. Chini ya lenzi tofauti ni dhahiri. Jani la dhahabu ni utando mmoja, wenye mipasuko mahali ulipochakaa. Unga ni chembechembe, kila moja ikimeta kivyake ukigeuza karatasi. Ushahidi mwingine ni ule kijani wa masika ya pili: dhahabu halisi haiwi kijani. Shaba ndiyo inayofanya hivyo.

Fedha ya kikombe, pale isipopakwa dhahabu, haina unga wowote. Imeonyeshwa kwa kijivu na buluu hafifu, na mwanga wake mkali kabisa ni karatasi iliyoachwa wazi. Ni uamuzi wa busara, kwani unga wa fedha ungekuwa mweusi zamani.

Imetoka kitabu gani

Hapa ndipo mkasi wa fundi fremu ulipofanya hasara kubwa kuliko unyevu wote wa Mombasa. Mabamba ya rangi ya wakati ule, yaani kurasa za picha za vitabu, yalikuwa na namba juu, na chini jina la kitu, jina la aliyekitengeneza au mahali kinapohifadhiwa, jina la mchora mawe na anwani ya mchapaji. Pambizo za juu, chini na kulia zimekatwa hadi karibu na picha ili iingie kwenye fremu iliyokuwapo. Maandishi yote yamekwenda nayo.

Kilichobaki ni ukingo wa kushoto na picha yenyewe. Ukingo wa kushoto hauna matundu ya uzi. Umekwaruzwa kwa makusudi na una mabaki ya kitu cha kahawia kinachomeguka kama ulimbo mkavu. Ni mpira. Mwaka 1836 William Hancock alipata hataza ya kufunga vitabu bila kushona: migongo ya karatasi ilikatwa, ikakwaruzwa, ikapakwa utomvu wa mpira. Njia hiyo ilipendwa kwa vitabu vya mabamba makubwa kwa sababu kila karatasi hufunguka hadi mwisho. Baada ya miongo michache mpira hukauka na kitabu huwa rundo la karatasi zisizoshikana. Ndiyo sababu moja ya mabamba haya kuuzwa moja moja leo. Nyingine ni kwamba wauzaji huvivunja hata vitabu vizima, maana mabamba mia yakiuzwa kila moja peke yake huingiza zaidi ya kitabu kimoja.

Picha ilipofananishwa na nakala za kidijitali ambazo maktaba za vyuo vikuu zimeziweka wazi bila malipo, ilionekana inatoka kwenye mkusanyo wa Matthew Digby Wyatt, *The Industrial Arts of the Nineteenth Century*, uliochapwa na Day & Son, London, kati ya 1851 na 1853: mabamba 160 ya vitu bora vya Maonyesho Makuu ya 1851 ndani ya Crystal Palace, jumba la kioo la London, yakitolewa kwa mafungu. Wyatt, msanifu majengo, alikuwa katibu wa kamati tendaji ya maonyesho hayo, kwa hiyo alichagua akiwa ndani ya nyumba.

Kuna mtego hapa. Mwaka 1852 Wyatt na Day & Son walitoa pia kitabu cha mabamba 50 kuhusu kazi za madini, na humo kuna misalaba, vikombe na masanduku ya masalia ya watakatifu kwa wingi. Mchapaji ni yuleyule, mwandishi yuleyule, na Francis Bedford, aliyekuja kujulikana baadaye kama mpiga picha, alichora mawe ya vyote viwili. Wauzaji huvichanganya kila siku. Karatasi ikiwa na pambizo kamili tofauti ni rahisi: namba inayozidi 50 haiwezi kutoka kitabu kidogo, na kitabu kidogo kinaonyesha hasa kazi za Zama za Kati na za Renaissance na kutaja mahali zilipo, ilhali kikubwa kinaonyesha vitu vipya na kutaja waliovitengeneza. Kwa karatasi isiyo na maandishi kinabaki kitu chenyewe kilichochorwa.

Nacho kinadanganya macho. Kikombe kina mguu wenye petali sita, fundo lenye vito na nakshi za Kigothi, mtindo wa makanisa ya Ulaya ya Zama za Kati, na mtu yeyote angedhani ni cha miaka ya 1400. Ni kipya kabisa. Kilibuniwa na msanifu wa Kiingereza A. W. N. Pugin, kikatengenezwa na karakana ya John Hardman, Birmingham, na kuonyeshwa kwenye Ukumbi wa Zama za Kati ndani ya Crystal Palace. Pugin, aliyeingia Ukatoliki mwaka 1835, aliamini Gothi ndiyo sura halali ya kanisa, na karakana ya Hardman ilimtengenezea kila kitu kuanzia vinara hadi kasula, vazi la padri la misa. Ukumbi ule ulizua kelele: msalaba mkubwa wenye sanamu ya Kristo uliokusudiwa kusimama juu ulilalamikiwa na Waprotestanti kiasi cha malalamiko kufikishwa kwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, na ukashushwa. Ni vizuri kukumbuka hilo unapotazama mabamba ya vyombo vya Hardman, kwa sababu yanaonekana matulivu mno, kana kwamba yamepigwa picha dukani. Pugin alifariki Septemba 1852, mfululizo ukiwa bado unatolewa.

Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 5,000 kununua vitu kutoka maonyesho hayo kwa ajili ya jumba jipya la kufundishia usanifu, na Pugin mwenyewe alikuwa kwenye kamati ya uteuzi. Jumba hilo ndilo leo Victoria and Albert Museum, na vyombo vya Hardman vilivyonunuliwa wakati ule bado vipo. Kwa hiyo mwenye karatasi kama hii yuko kwenye nafasi isiyo ya kawaida: anaweza kuweka chapa kando ya picha za vyombo vyenyewe na kuona mchoraji alifanya nini. Kwenye chapa, dhahabu ya kikombe ni ya rangi moja juu hadi chini, kwa sababu unga ni mmoja; uviringo wote umeletwa na vitone vya kahawia vilivyochapwa juu yake. Anayesoma mabamba haya kama ushahidi wa vyombo ayategemee kwa umbo na mpangilio wa nakshi, si kwa kivuli cha dhahabu wala wekundu halisi wa kito.

Nakala zilikuwa nyingi kiasi gani? Wyatt aliacha hesabu: nakala 1,300, mawe 1,069, uzito wa mawe tani 25. Ni wastani wa karibu mawe saba kwa bamba, kila jiwe karibu kilo 24, na ukizidisha mawe kwa nakala unapata karibu mara milioni 1.4 karatasi kupita mashineni. Kwa anayenunua leo hesabu hiyo ina maana moja ya moja kwa moja: neno "adimu" kwenye tangazo la bamba moja la kitabu hiki lisiongeze bei. Adimu ni bamba lenye pambizo zote, karatasi yake ya maelezo, na rangi ambazo hazijaona jua.

Kilichoharibika, na kwa nini

Fremu ilifunguliwa juu ya meza safi, kioo chini. Karatasi ya vumbi ya mgongoni ilikatwa kwa kisu, misumari ikavutwa kwa koleo sambamba na fremu badala ya kuelekea juu, ili koleo likiteleza lisitoboe picha. Chini yake kulikuwa na ubao wa plaiwudi uliogusa chapa moja kwa moja. Mgongo wa karatasi umechukua mistari ya mbao hiyo kwa rangi ya chai. Asidi ya mbao huhamia kwenye karatasi yoyote inayoigusa, na unyevu huiharakisha.

Mbele, kuzunguka picha, kuna mstari wa kahawia wa milimita mbili. Huo ni uchomaji wa kadi ya dirisha, ile kadi inayokaa kati ya picha na kioo: kadi ya bei nafuu hutengenezwa kwa massa ya mbao, na ukingo wake uliokatwa ndio unaotoa asidi zaidi. Ndani ya mstari rangi zimefifia. Nje yake, chini ya kadi, kuna ufito wa milimita saba ambao haujaona mwanga, na waridi iliyoko pale ni nzito karibu maradufu ya iliyoko ndani. Huwezi kuirudisha. Rangi za waridi na zambarau za wakati ule mara nyingi zilitoka kwa mimea na wadudu, nazo zikishapaushwa na mwanga zimekwenda.

Dhahabu ina hali mbili tofauti. Katikati ya kikombe imekuwa ya hudhurungi tu, ambayo ni kutu ya kawaida ya shaba. Pembeni, ambako mvuke ulikuwa ukikusanyika kati ya kioo na kadi, imekuwa kijani. Ukigeuza karatasi unaona nyuma ya kijani hicho kivuli cha kahawia chenye umbo la kikombe: ioni za shaba huchochea kuoza kwa nyuzi za karatasi, na kivuli hicho ni karatasi iliyoanza kukatika kutoka ndani. Ni jambo la kuliangalia kuliko vidoa vyote vya mbele, ingawa hakuna anayelitaja kwa sababu liko mgongoni.

Vidoa vya kahawia vyenyewe ni vya aina inayojulikana, vinavyotokana na kuvu na chembe za madini ndani ya karatasi zikipata unyevu. Vinachukiza macho lakini havisambai pakiwa pakavu. Kona ya chini kulia ina michubuko ya juujuu, kama mtu aliyesugua kwa msasa laini. Hao ni wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hula wanga na gundi, na wameacha wino wa mafuta ukiwa kisiwa huku karatasi nyeupe kando yake imelika.

Mahali paliposhikamana na kioo palikuwa na ukubwa wa ukucha, kwa bahati kwenye pambizo ya kushoto.

Kilichofanywa

Paliponata hapakuvutwa. Kioo na karatasi vililazwa pamoja, kioo chini, kwenye chumba kikavu chenye hewa kwa siku mbili. Mara nyingi gundi iliyolainika kwa unyevu huachia ikikauka taratibu. Kisha ukanda mwembamba wa plastiki ya polyester ukapitishwa kati yake, ukisukumwa sambamba na kioo, ukaachia na kuacha ukungu mdogo kwenye kioo. Ingekuwa ni kwenye dhahabu, kazi ingesimama hapo na karatasi kupelekwa kwa mtaalamu pamoja na kioo chake. Dhahabu ya unga hushika kioo kuliko inavyoshika karatasi.

Usafishaji ulikuwa mkavu tu. Brashi pana laini kwanza, kutoka katikati kuelekea nje. Halafu raba ya vinili iliyokunwa hadi kuwa makombo, ikasuguliwa kwa duara ndogo kwa ncha za vidole kwenye pambizo na mgongo, na kufagiliwa yote. Picha yenyewe haikuguswa kwa raba, na dhahabu haikuguswa hata kwa brashi ngumu.

Swali linalokuja kila mara ni kuhusu kuosha. Wino wa chapa hizi ni wa mafuta, kwa hiyo watu husikia kwamba zinaweza kulowekwa, na kweli litografia ya rangi nyeusi tupu hustahimili. Hii hapana. Vito vyake vimeongezewa gundi ya mgunga juu ili ving'ae, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji na kuacha ukungu mweupe. Unga wa shaba umeshikwa na vanishi iliyokwisha kukauka na kupasuka kwa zaidi ya miaka 150. Karatasi ikitanuka chini yake unga hutoka kama vumbi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ni mbaya zaidi, ingawa mafundi wengi wa mitaani huitumia kwa sababu matokeo ya siku ya kwanza yanavutia: klorini inayobaki hukata nyuzi za karatasi na kula shaba, na baada ya mwaka vidoa hurudi vikiwa na njano mpya ya karatasi nzima.

Utepe wa karatasi wenye gundi uliokuwa mgongoni, kwenye ukingo wa juu, uliondolewa kwa jeli ya methili selulosi: gramu 4 kwa mililita 100 za maji, ikaachwa usiku kucha ivimbe, ikapakwa juu ya utepe tu kwa unene wa milimita 2, ikakaa dakika 10 hadi 15, kisha utepe ukanyanyuliwa kwa spatula butu. Jeli hutoa maji polepole na juujuu, hivyo upande wa mbele haulowi. Palipobaki unyevu paliwekwa karatasi ya kunyonya wino, juu yake kioo na kitabu kizito, karatasi ya kunyonya ikibadilishwa baada ya dakika 5, halafu 20, halafu ikaachwa usiku kucha. Anayeharakisha hatua hii hupata ukingo uliojikunja ambao fremu mpya itauonyesha daima.

Kijani cha dhahabu kiliachwa. Kukikwangua ni kukwangua dhahabu yenyewe. Kitu pekee kinachokizuia kuendelea ni ukavu.

Fremu ya pwani

Kuning'iniza karatasi kwa bawaba za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano ndiyo njia inayofundishwa kila mahali, na ni nzuri mahali pakavu. Kwa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, wanga ni mwaliko kwa kuvu na wadudu. Hapa pembe nne za karatasi ya pamba zilikunjwa kama mifuko ya bahasha na kubandikwa kwenye kadi ya nyuma, si kwenye chapa, na karatasi ikaingizwa pembe zake humo bila tone la gundi. Kila mfuko umeachwa na nafasi ya milimita moja ili karatasi itanuke isijikunje. Njia hii inahitaji pambizo ya kufichia mifuko. Kwa kuwa kingo tatu zimekatwa, kadi ya dirisha ilibidi iingie milimita 5 ndani ya picha, hasara nyingine ya mkasi uleule.

Kadi zote mbili, ya dirisha na ya nyuma, ni za pamba tupu. Ya dirisha ina unene wa karibu milimita 3 badala ya milimita 1.5 za kawaida, ili kioo kikae mbali na wino. Kioo ni cha kuchuja miale ya urujuanimno. Kabla ya kuingizwa kwenye fremu, kioo, kadi, chapa na ubao wa nyuma vimefungwa kingo zote kwa utepe wa alumini na polyester, vikawa kifurushi kimoja. Kufunga huku kufanyike siku kavu, wakati wa kaskazi, vifaa vyote vikiwa vimekaa chumba kimoja kwa siku moja. Ukifunga kifurushi mwezi wa Mei umefungia masika ndani.

Fremu inatundikwa ukuta wa ndani wa nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, hupitisha maji na chumvi hata upande usiopigwa na mvua, kwa hiyo nyuma ya fremu, kila kona, kumebandikwa kipande cha koki cha milimita 10 ili hewa ipite. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi si msaada: kioo hupoa, hewa ya asubuhi yenye unyevu huingia chumbani, na mvuke huganda juu yake. Heri feni inayozunguka mfululizo. Mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza), na dirisha lisitazamane nayo.

Gharama ya vifaa hivi, hasa kioo na kadi za pamba zinazoagizwa nje, imepita bei iliyonunuliwa karatasi yenyewe. Hilo lisemwe mapema kwa mteja yeyote. Kwa bamba lililokatwa kingo na kufifia, chaguo la kuridhisha pia ni kuliondoa kwenye fremu kabisa, kuliweka ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, likalazwa kwenye sanduku lenye kipima unyevu, na kutundika ukutani nakala ya kidijitali ya bamba kamili. Mwenye karatasi hii alichagua fremu, kwa sharti la kuishusha kila Aprili hadi masika yaishe.

Mgongoni mwa kifurushi, juu ya ubao na si juu ya chapa, kumeandikwa kwa penseli: "Kromolitografia. Vyombo vya kanisa vya Hardman, Birmingham, usanifu wa A. W. N. Pugin. Kutoka M. D. Wyatt, *The Industrial Arts of the Nineteenth Century*, Day & Son, London, 1851–1853. Imetambuliwa kwa kulinganisha picha. Maandishi na namba ya bamba hayapo. Kingo tatu zimekatwa. Dhahabu ni unga wa shaba, ina kutu ya kijani. Waridi imefifia. Haijaoshwa."